Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Rais wa Paizo: mwekeeni mganga deni

Kwako Mheshimiwa Rais wa Kampuni ya Paizo,
Jimbo la Washington, Marekani.

Shikamoo.

Umri wako siujui, Mheshimiwa, lakini hapa kwetu mtu mwenye dhamana huamkiwa hivyo hata kama mvi hazijamwota, na sioni sababu ya kukunyima haki hiyo kwa kuwa tu uko ng'ambo. Baada ya salamu, naomba uniwie radhi kwa mambo mawili: kukuandikia kwa Kiswahili, na kukuandikia hadharani. Kiswahili ndiyo lugha tunayochezea mchezo wako hapa Tabora. Na hadharani ni kwa sababu wachezaji wenzangu, pamoja na wazazi wanaotutazama kwa jicho la wasiwasi, wana haki ya kujua nimekuomba nini kwa niaba yao.

Ombi langu ni moja na nalitanguliza nisije nikakupotezea muda. Katika kitabu chochote cha uganga mtakachokiandika baada ya sasa, tafadhali sana, mwekeeni mganga deni. Yaani mwenye nguvu awe na mtu aliyemfundisha, awe na mwiko unaomfunga, na awe na watu wanaoweza kumwita barazani ajieleze. Yanayofuata ni maelezo tu ya kwa nini nimethubutu kuomba hivyo.

Unistahimilie kwanza niwaeleze majirani zangu tunazungumzia nini. Pathfinder, mchezo ambao kampuni yako tukufu imeuchapisha tangu 2009 na kuuandika upya mwaka 2019, hauhitaji skrini. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni mwendesha mchezo: yeye ndiye anayeisimulia dunia, mvua yake, majoka yake na wenye maduka wake wakorofi. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na humsemea na kumwamulia. Jambo likiwa na mashaka, hurushwa dadu ya pande ishirini. Ya kwetu ililetwa na ndugu wa mmoja wetu kutoka Dar es Salaam. Namba zake zilikuwa zimefutika, tukazijaza kwa rangi ya kucha, na sasa ile ishirini inang'aa nyekundu kuliko zote. Kanuni zenyewe tunazisoma kwenye simu, maana kampuni yako imeridhia ziwekwe mtandaoni bure kabisa, kila mtu azione. Kwa ukarimu huo, Mheshimiwa, nakushukuru kwa dhati. Kijana wa Ng'ambo au Isevya, mitaa ya hapa Tabora, asingeweza kununua kitabu kwa dola, lakini kanuni anazijua kwa kichwa.

Sasa niingie kwenye uganga. Mwaka 2021 mlitoa kitabu cha nyongeza kiitwacho Secrets of Magic. Humo mlieleza kwamba uganga wote wa dunia yenu umefumwa kwa nyuzi nne: maada, akili, roho na uhai. Msomi wa vitabu hushika maada na akili. Mtu wa porini hushika maada na uhai. Kuhani ana roho na uhai, na yule wa mambo ya siri ana akili na roho. Mliongeza na aina mbili za wahusika: mpiganaji anayetia afsuni ndani ya upanga wake, na mwita-pepo anayetembea na kiumbe wa ulimwengu mwingine.

Naomba nikupe taarifa ya kweli ya jinsi kitabu hicho kilivyopokewa, kwa kuwa najua wakubwa huletewa sifa peke yake. Wachezaji waligawanyika, na si hapa tu. Mwenzetu mmoja ni mwalimu wa fizikia. Alizisoma zile nyuzi nne kama mtu aliyepewa maji jangwani, akasema hatimaye kuna waandishi waliojisumbua kueleza kwa nini afsuni fulani huponya na nyingine huchoma. Mwenzetu wa pili ni fundi simu pale sokoni, na yeye hakufurahi. Alimpenda sana mpiganaji mwenye upanga wa afsuni, lakini akahesabu na kukuta kwamba mhusika huyo, hata afike ngazi za juu kiasi gani, ana nafasi nne tu za afsuni kubwa kwa siku. Lalamiko hilo hilo limesemwa na wachezaji kote mnakouza. Wa tatu aliuliza kwa nini uganga uwe na nafasi za kuhesabiwa. Nikamweleza kuwa utaratibu huo ni wa kale: Gary Gygax na Dave Arneson waliuingiza kwenye mchezo wao wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, wakiufuata mtindo wa hadithi za Jack Vance, ambaye katika kitabu chake cha 1950 mchawi hujaza afsuni kichwani na kila akitumia moja humtoka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, lakini asubuhi zinarudi zote. Nani kazilipia?"

Swali hilo limenikaa rohoni tangu siku hiyo, na ndilo lililozaa barua hii.

Mheshimiwa, ninakoandikia ni Unyamwezini. Kuna uganga hapa, na kuna watu wanaouamini, wanaouogopa na wanaoukataa, mara nyingi ndani ya nyumba moja. Sikusudii kukufundisha dini wala kukushawishi uamini chochote. Naomba tu uuone uganga wetu jinsi ulivyopangwa, kama vile fundi seremala anavyomwonyesha mwenzake jinsi kiti kilivyoungwa. Mfumu, yaani mganga wa Kinyamwezi, mwenye kupasua kuku na kusoma ndani yake, hajipi kazi mwenyewe. Yupo aliyemfundisha, na huyo ana chake hadi kufa. Vipo vyakula asivyogusa. Wapo wazee wa ukoo waliokufa ambao wakinuna, kazi haiendi. Chama cha Bayeye, wacheza na nyoka maarufu wa Unyamwezini na Usukumani, hakimpi mtu nyoka mkononi kabla ya kumwingiza rasmi na kumfundisha dawa za sumu; na aliyekwishaingia ana wajibu kwa wenzake wa chama, na majirani wakiumwa na nyoka hukimbilia kwake.

Kwa sababu hiyo yule mwita-pepo wenu alitugusa sana. Mlimwandikia kanuni ambayo naomba niisifu bila kipimo: yeye na kiumbe wake wana hesabu moja ya uhai. Kiumbe akichomwa mkuki, anayepungukiwa ni mwita-pepo pia. Mama mmoja mtu mzima, ambaye huwa anakaa pembeni akichambua mchele huku sisi tukicheza, alisikia kanuni hiyo akainua kichwa na kusema kwamba hiyo ni kama Waswezi. Waswezi ni chama cha pepo kilichoenea Unyamwezini tangu zamani. Anayepandwa na pepo haachwi peke yake na ugonjwa wake. Huingizwa chamani, hupewa jina jipya, hufundishwa maneno ya ndani, na kuanzia siku hiyo ana ndugu wapya anaopaswa kuwatumikia. Pepo na mtu wamefungwa pamoja, na chama kimewafunga wote wawili. Nyinyi mmelipata fundo la kwanza kwa usahihi wa kushangaza. Fundo la pili ndilo ninaloliomba.

Katika kitabu hicho hicho mliweka pia kanuni za mistari ya nguvu inayopita ardhini, ambayo mwenye afsuni anaweza kuchota. Wenzangu wengi waliziruka kurasa hizo. Mimi nilizisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu mji wetu wenyewe umekaa juu ya mstari wa namna hiyo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikashuka hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Miembe iliyooteshwa zama hizo bado inatupa kivuli. Wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea njia hiyo na pembe za ndovu mabegani, na walikuwa na taratibu za uganga za safari ambazo mwandishi yeyote wa michezo angezilipia fedha.

Chukua kirangozi, kiongozi wa msafara. Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857 wakati mahali hapa pakiitwa Kazeh, ameacha maelezo yake. Kirangozi alivaa nguo nyekundu na kichwani aliweka ngozi ya mbega na manyoya ya ndege, na kabla ya kuondoka alikwenda kwa mganga kupata kinga ya safari. Halafu kulikuwa na kanuni hii: hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia njiani. Mpagazi aliyemtangulia alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake, na jioni kambini mshale huo ulikuwa ndio ushahidi wa kumtoza faini. Naomba uitazame kanuni hiyo kwa jicho lako la kitaalamu, Mheshimiwa. Ni fupi, inashikika mkononi, ina alama inayoonekana, na kila mtu katika msafara anajua nani anamdai nani. Nguvu ya kirangozi haikuwa yake peke yake. Aliinunua kwa mganga, na iliwafunga watu wote waliokuwa nyuma yake. Nao walikuwa wamemkabidhi maisha yao, kwa hiyo angewapoteza njia wangemhukumu.

Au tuwatazame ndugu zetu Wasukuma na ngoma zao za mashindano, ambazo kwa maoni yangu ndizo mchezo wa uganga uliokamilika kuliko yote ninayoijua. Wachezaji wamegawanyika tangu mababu katika pande mbili, Bagika na Bagalu, zinazojinasibu kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande hizo hukutana uwanjani na kucheza wakati mmoja, hatua chache kati yao. Kila upande una dawa yake ya kuvuta watu, na kila mwaka huja na jambo jipya ambalo upande wa pili haukulitegemea. Anayeamua ni umati. Watu huhama na miguu yao: wakikimbilia huku, huku kumeshinda. Mganga mwenye dawa kali ambaye watu hawamtaki anabaki na ngoma yake tupu. Tazama jinsi deni lilivyowekwa pale: nguvu haipo mpaka watu wengine waikubali. Wazee waliokulia kwenye ngoma hizo hubishana hadi leo kama fulani alishinda kwa dawa au kwa kiuno, na hakuna anayeona ubishi huo unaharibu mchezo.

Sasa nifike kwenye jambo zito, na hapa naomba nikupigie magoti kwa maneno, maana sitaki udhani nimekuja kushitaki.

Desemba 2024 mlitoa rasimu ya wahusika wawili wapya ili wachezaji waijaribu bure na kuwaandikia maoni. Mmoja wao ni mwita-wafu. Huyu huinua wafu wawe watumwa wake uwanjani, anawapanga anapotaka, na akihitaji nguvu zaidi huwaangamiza ili afsuni yake ikolee. Kimchezo ni ufundi wa hali ya juu. Fundi simu wetu, yule aliyelalamika juu ya nafasi nne, alimkumbatia mara moja. Jioni tuliyoijaribu rasimu, alijaza meza na vifuniko vya soda, kila kifuniko mfu mmoja, akawa anavipanga mistari na kuviondoa kwa furaha ya mtu aliyepata chombo kinachomtosha mkononi. "Nina misukule sita!" akasema.

Mezani tulikuwa na binti anayesomea uuguzi. Aliweka dadu chini. Hakukasirika, wala hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Hawa ni watoto wa nani?"

Hatukuwa na jibu. Nilifungua rasimu kwenye simu nikaipekua, kwa sababu mimi ndiye mwendesha mchezo na kazi yangu ni kuwa na majibu. Kanuni zilinieleza kila mfu anasimama umbali gani na anaangamizwaje. Alikuwa nani kabla hajawa mfu hazikusema, kwa kuwa hakuna kinachotegemea jibu la swali hilo.

Katika masimulizi ya huku kwetu, Mheshimiwa, hakuna msukule asiye na mama. Husemwa kwamba mtu alikufa ghafla, watu wakazika mgomba wakidhani ni yeye, kumbe mwenyewe yuko mahali analima usiku shamba la mtu aliyetajirika bila maelezo. Uzito wa hadithi upo kwa wale waliolia kwenye kaburi lisilo na mtu. Ondoa mama, na hadithi imekwisha. Kinachobaki ni vifuniko vya soda.

Na naomba ukumbuke mahali ninapoandikia. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha pembe na cha watumwa. Watu walifika hapa wakiwa wamefungwa shingo, wakapumzishwa, wakaendeshwa pwani. Wengine hawakupelekwa, walibaki wakilima mashamba ya wakubwa wa hapa hapa, na wajukuu wao ni sisi. Watalii huja Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, na kwa njia ile ile walipita kwa miguu watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Mtu wa mji huu akiambiwa acheze mhusika mwenye watumwa wasio na majina, ambao thamani yao ni kuangamizwa, mkono unasita. Si kwamba mchezo ni mbaya. Mkono wenyewe unakumbuka.

Lipo na la karibu zaidi. Katika mikoa hii ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho yao mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa jikoni wa miaka yote. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walipoanza huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuja kuwinda wezi wa ng'ombe, lakini haukupita muda wakaanza kuwaita na wanawake waliodhaniwa wachawi. Kuanzia mwaka 2007 nchi yetu ilipitia miaka ya kutisha ambapo watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa sababu kuna waliouza uongo kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli wasio na kibali kwa sababu hiyo hiyo. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, na haijatosha.

Hapo naomba nikushukuru kwa jambo ambalo huenda hukujua kwamba lina uzito kwetu. Katika michezo ya ukoo wenu, afsuni nyingi zilidai vitu: mpira wa moto, kwa mfano, ulitaka kinyesi cha popo na kiberiti cha unga. Mlipozipitia upya kanuni zenu mwaka 2023 mliondoa utaratibu ule wa vitu vya lazima. Najua mlifanya vile kwa sababu za leseni na za kurahisisha, na wachezaji wengine walinung'unika kwamba uganga umepoteza ladha yake. Kwetu ilikuwa nafuu. Sikuwahi kupenda kuwasomea vijana orodha ya viungo vya uganga katika mji ambao kuna mzazi anamsindikiza mwanawe shuleni kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

Nikirudi mezani kwetu, fundi simu hakukubaliana na binti yule wa uuguzi, na ni haki nikuletee hoja yake pia. Alisema mchezo ni mchezo. Kwamba anashinda kutwa nzima akihangaika na vioo vilivyovunjika na wateja wasiolipa, na jioni anataka kuwa mtu mwenye nguvu zisizoulizwa maswali. Kuhusu ombi langu hili, alisema pia kwamba ukimwekea mganga miko, unampa mwendesha mchezo fimbo: asiyempenda mchezaji atasema kila siku, "Umevunja mwiko, nguvu zako zimelala." Mwalimu wa fizikia alimwunga mkono kwa hilo la pili. Wana hoja. Katika michezo hii wapo waendesha mchezo waliowanyanyasa wachezaji wa mashujaa wa dini kwa viapo vyao, na habari hizo wachezaji wa zamani wa huko kwenu wanazo nyingi kuliko mimi.

Lakini tulijaribu. Tulimwachia kila mchezaji ajichagulie mwenyewe mwiko wake na mwalimu wake, kisha mezani tukakubaliana kwamba anayesema mwiko umevunjwa ni wachezaji wote kwa pamoja, mwendesha mchezo hana kauli. Fundi simu alichagua kwamba mhusika wake hawezi kula chakula cha mtu aliyemsaidia kwa uganga. Tulicheka, tukadhani ni mwiko mwepesi. Ndani ya mchezo akaponya mtoto wa mwenyeji wao, na usiku ule wenyeji wakamwandalia ugali na mlenda, na yeye akalazimika kukataa mbele ya mama aliyempikia kwa shukrani. Alitafuta maneno ya kukataa bila kuumiza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kupigana na joka lolote. Bado anasema hapendi kanuni hiyo. Wiki iliyofuata, hata hivyo, aliuliza kama mama yule atakuwepo.

Na mwita-wafu hatukumfukuza. Binti wa uuguzi ndiye aliyependekeza: kila mfu anayeinuliwa apewe jina na mtu mmoja aliye hai anayemtafuta. Hakuna adhabu nyingine. Fundi simu aliinua watatu badala ya sita, akasema majina matatu yanamtosha kuyabeba.

Naomba usinielewe vibaya kwamba nadhani hamkuwahi kufikiria haya. Makuhani wenu na watu wenu wa porini wana miko tayari, imeandikwa waziwazi. Asiye nayo ni msomi wa vitabu, na wala sikuiona kwa mwita-wafu katika rasimu. Tena, ndani ya dunia yenu kuna jimbo la Mwangi, lililopewa jina ambalo jirani zetu wa Kenya hulisikia kila siku likiitwa barazani na shuleni. Vitabu vyenu vya mwanzo viliwaonyesha watu wake kama mapambo ya msitu wa watafiti weupe. Mwaka 2021 mliliandika upya, mkiwapa kazi hiyo waandishi wengi wenye asili ya Afrika, na matokeo yake yalitupa heshima ambayo hatukuitegemea kutoka kwenye kitabu cha michezo. Humo kuna chuo cha Magaambya katika mji wa Nantambu, kilichoanzishwa na Mzee Jatembe, aliyeirudisha elimu ya uganga duniani baada ya zama za giza pamoja na wenzake kumi. Na wanafunzi wa chuo hicho, kabla ya kupanda daraja, hutumwa kuwahudumia watu wa mji.

Tazama basi, Mheshimiwa: ninachokiomba mmeshakisimulia wenyewe. Wanafunzi wa Magaambya wana deni kwa Nantambu. Kinachokosekana ni deni hilo kuvuka kutoka kwenye simulizi na kuingia kwenye kanuni, liandikwe pale pale panapoandikwa afsuni inapiga umbali gani, ili mwendesha mchezo wa Tabora asilazimike kulitunga peke yake, na yule wa Berlin au Manila asiyewahi kusikia habari za Bayeye alikute ukurasani. Liwe la hiari, kama zilivyo kanuni nyingi za Secrets of Magic. Fundi simu ataliruka, na mimi sitamlaumu.

Kama nafasi itapatikana, naomba pia kwa unyenyekevu kwamba siku mtakapogusa tena Mwangi, mwite hata mtu mmoja aliyekulia kwenye njia hii ya misafara aisome rasimu kabla haijaenda kiwandani. Wapo hapa walimu wa historia, wapo watunza makumbusho, wapo wazee wanaozijua ngoma. Kazi hiyo walipwe kama mnavyowalipa wengine.

Nitashukuru sana endapo barua hii itawafikia waandishi wenu wa kanuni, hata kama majukumu yako hayatakupa wasaa wa kuijibu. Maandishi ya kanuni tuliyoyajaribu, pamoja na pingamizi zote za fundi simu neno kwa neno, niko tayari kuyatuma bure wakati wowote yatakapohitajika.

Nakutakia afya njema wewe na wote unaofanya nao kazi.

Wako mtiifu,
Mwendesha mchezo, Tabora.